Jina Lililouzwa Mara Mbili: Wasifu wa Marehemu Zhuang Bingkun (1966–2023)

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Zhuang, wakwe zetu mliotoka Jinjiang, majirani wa Soko la Nane, na ninyi wafanyabiashara wenzake mliokubali kuzima simu kwa saa moja: ahsanteni kwa kufika. Mimi ni Zhuang Suyue, dada mkubwa wa marehemu. Kabla sijaanza niseme kwamba maneno ya juzi kwenye meza ya chai yalinifikia. Kwamba Meizhen, mke wa marehemu, aliuza jina la mumewe naye yuko hoi kitandani, na kwamba uchungu wa jina hilo ndio uliomuua. Wahenga husema lisemwalo lipo. Hili nalo lipo, ila si hivyo mlivyolisema. Nitalieleza likifika zamu yake, kwa hiyo tulieni.

Marehemu Zhuang Bingkun alizaliwa tarehe 2 Machi 1966 hapa Xiamen, katika uchochoro ulio nyuma ya Soko la Nane. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Zhuang Daoyuan, aliyekuwa akipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, na Bi Ji Xiuqin, aliyeuza supu ya karanga. Mama yetu alifariki mwaka 1978. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikashika sufuria ya supu na kumlea mdogo wangu. Hakuwa mtoto msumbufu, ila alikuwa mwingi wa maswali, na supu aliimaliza kabla ya wateja kuamka.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapahapa mjini. Mwaka 1984 alifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, akakosa alama chache. Alilia siku nzima, kisha akajiunga na chuo cha posta na simu kule Fuzhou, akahitimu mwaka 1987.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye dirisha la telegramu, posta ya hapa mjini. Wakati ule kila neno la telegramu lilikuwa na bei yake, na watu walikuja na barua nzima mkononi. Bingkun alikuwa akiwapunguzia. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta na mzee mmoja anayemwandikia kaka yake habari ya ugomvi wa shamba.

“Mzee wangu, hapa umeandika ‘mpendwa’ mara tatu. Kila moja inalipiwa.”

“Basi toa mbili.”

“Na hili ‘natumaini hujambo’?”

“Liache. Ukilitoa atajua nimekasirika.”

“Si umekasirika kweli?”

“Nimekasirika, lakini sitaki kulipia hasira.”

Foleni nzima iliangua kicheko. Bingkun alimkatia mpaka yakabaki maneno matano, na mzee akaondoka ameridhika. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja. Telegramu zilipokosa wateja, mwaka 1998, dirisha lilifungwa na yeye akapewa kiinua mgongo na saa ya ukutani.

Mwaka uliofuata alikuja kibandani kwangu, kachangamka, akaniambia amenunua majina ya tovuti, yale watu wanayoandika kwenye kompyuta ili wafike mahali fulani. Alisema jina likiwa fupi ni rahisi kukumbuka, na mafupi hayazaliwi tena; atayaweka, halafu atawauzia wenye makampuni.

“Haya, nionyeshe ulichonunua.”

“Hakionekani, dada.”

“Hakionekani, na umeshalipa?”

“Nimelipa. Na kila mwaka nitalipa ada kidogo, nisipolipa wanakichukua.”

“Ama kweli umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Afadhali na mbuzi, angelia.”

Lakini alipata riziki. Aliuza majina kwa wenye viwanda vya viatu, kwa wachonga mawe, kwa wauza chai wa Anxi. Wenzake walikutana kila mchana katika chumba cha chai cha Bwana Lian Jinshu. Jinshu, nakuona hapo safu ya pili, usijikunyate. Wao kwa wao waliyaita majina mchele, na wenyewe wakajiita wakulima. Walikuwa na mwiko mmoja: kila mfanyabiashara ana jina lake la nyumbani, lile linalobeba barua pepe zake, na hilo haliuzwi hata njaa iume vipi. Walisema mpunga wa mbegu hauliwi. Anayeuza jina la nyumbani huonekana amekwisha.

Marehemu aliuvunja mwiko huo mwezi Novemba 2006, kwa usahaulifu. Jina lake la nyumbani lilikuwa san, herufi tatu tu, neno ambalo kwetu ni mwavuli. Alitokea mnunuzi kutoka Jinjiang, Bi Hong Meizhen, aliyerithi karakana ya miavuli kwa baba yake. Alitoa bei nzuri, na Bingkun, kwa tamaa ya kufunga hesabu kabla ya mwaka mpya, akamkabidhi jina siku hiyohiyo. Hakukumbuka kwamba barua zote za jina hilo sasa zitaingia kwa mwenye jina. Tena kampuni iliyomtunzia majina yake mengine yote ilikuwa inatuma funguo zake kwa anwani hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, alimuuzia mgeni chumba kimoja akamwachia na funguo za nyumba nzima. Baada ya wiki, simu ililia. Nilikuwepo, alikuwa anakunywa supu kwangu, na sauti ya yule mama ilisikika mpaka kwa muuza samaki.

“Wewe ndiye Zhuang Bingkun?”

“Ndimi.”

“Una akili timamu?”

“Nani mwenzangu?”

“Ni Hong wa miavuli. Barua zako zinamiminika kwangu. Leo nimeletewa orodha ya majina yako yote, na chini yake wameandika ukisahau neno la siri bonyeza hapa. Nikibonyeza, ufunguo mpya unakuja kwangu mimi. Unanielewa?”

Kijiko kilimdondoka. “Umebonyeza?”

“Ningekuwa nimebonyeza ningekupigia simu? Njoo urekebishe mambo yako, bwana. Mimi nina miavuli ya kupakia.”

Alikwenda kwa basi la kwanza, na debe la supu yangu mapajani. Nyie wafanyabiashara mnajua vizuri kuliko mimi yule mama angeweza kuchukua nini siku ile. Asingehitaji hata kuinuka kwenye kiti. Jinshu mwenyewe alisema wakati ule, “Mimi ningebonyeza, kisha ningemwombea.” Hakuchukua kitu. Alimkalisha, akamsimamia mpaka akabadilisha anwani zote, akamkemea kama mtoto wa shule.

Hata hivyo wateja wa zamani waliendelea kuandika kwa anwani ile. Meizhen alizipeleka barua zote kwa mwenyewe, na juu ya kila moja aliongeza neno lake. “Huyu anakudanganya bei.” “Huyu mjibu haraka, ana haraka kweli.” “Huyu ni mwanamke na anakuita mpenzi, ni nani?” Barua hiyo ya mwisho Bingkun aliijibu kwa kwenda Jinjiang yeye mwenyewe kueleza kwamba ni tangazo la mikopo. Baada ya hapo hakukosa sababu ya kwenda.

Walifunga ndoa tarehe 18 Mei 2008. Shangazi zetu walinung’unika sana: bibi harusi ana miaka thelathini na minane, ana mdomo, na juu ya yote anauza miavuli, kitu ambacho kwetu hakizawadiwi wapendanao kwa kuwa eti huleta kutengana. Meizhen alisikia, akawatumia kila shangazi mwavuli mmoja. Watu wa Jinjiang humpamba binti kwa dhahabu anapoolewa. Yeye alikuja na dhahabu kiasi, na akasema jina la san nalo ni sehemu ya mali anayokuja nayo, analirudisha kwa mume. Bingkun alikataa. Mbele ya wazee wote alisema, “Likae kwako. Kwako limeshakaa salama.”

Sikilizeni hapo vizuri, kwa sababu ndipo mnapokosea. Jina halikurudi kwake. Walilitumia wote wawili, barua zake zilipita humo tena, hata za ile kampuni yenye funguo, nyote mlidhani ni lake, na yeye aliwaacha mdhani hivyo kwa sababu ya fahari. Mwenye jina alikuwa Meizhen. Mwaka 2009 walijaliwa binti, Ruoning.

Mwaka 2015 majina mafupi yalipanda bei kiwendawazimu. Watu waliuza fleti wakanunua majina ya namba tupu. Bingkun alinunua zaidi zile zenye nne ndani yake, maana nchi nzima huikimbia nne kama mkosi, na ziliuzwa rahisi. Alisema sisi watu wa Xiamen tunarusha dadu kila sikukuu ya mwezi wa nane, kwa kalenda yetu ya kale, tukiomba nne nyekundu, mshindi ni mwenye nne, basi yeye atakuwa mwoga wa nini? Mwaka uliofuata bei ilianguka na mchele wake ukabaki ghalani. Hakuwahi kunipa lawama kwa kumcheka.

Tarehe 11 Machi 2021 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Alipelekwa Shanghai. Alihitaji upasuaji, na baada yake dawa ambayo bima haikuigusa. Aliweka majina yake sokoni na hakuna aliyepiga simu. Jinshu na wenzako mlichanga, nawashukuru kwa dhati, lakini hata ninyi mlikuwa mmechacha. Jina moja tu ndilo lililokuwa na mnunuzi, kampuni fulani ya Hangzhou iliyolitaka san kwa miaka mingi. Bingkun alikataa katakata.

“Hilo hapana. Nife, lakini hilo lisiuzwe. Watu watasema Bingkun amekula mbegu.”

“Watu ndio watakaokuzika au mimi?” Meizhen alimuuliza.

Mwezi Mei, akiwa amelazwa, aliamka asubuhi na kushika simu yake. Hakuna barua. Alingoja, akaizima, akaiwasha. Nilikuwa nimekaa dirishani nikimenya chungwa.

“Meizhen, mbona leo kimya? Hakuna aliyeniandikia.”

“Nimeliuza,” Meizhen alisema. “Juzi. Upasuaji ni Alhamisi.”

Aligeukia ukutani. Siku tatu hakumsemesha mkewe wala mimi. Meizhen alimlisha uji, naye akameza bila kumtazama. Usiku Meizhen alilala kwenye kiti, hakulalamika, ila niliona midomo yake imepasuka kwa kujing’ata. Nami nilimwambia Bingkun wazi kwamba ni mpumbavu.

Siku ya nne, akiwa anasubiri kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji, alishtuka na kumshika Meizhen mkono.

“We Meizhen! Ile kampuni inayotunza majina yangu. Ufunguo wote ulikuwa unakuja humo!”

“Nilibadilisha anwani zote kwanza,” Meizhen alisema. “Moja moja, ndipo nikauza. Unafikiri mimi ni wewe?”

Alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na nesi akaja kuuliza nani amempa mgonjwa kitu cha kunywa. Meizhen naye akacheka, kisha akalia, kisha wakamsukuma ndani.

Alirudi nyumbani mwezi Julai. Tulipata naye sikukuu tatu za mwezi wa nane. Alimfundisha Ruoning kuendesha baiskeli ya umeme, jambo ambalo mama yake hakuambiwa. Alikunywa chai na ninyi, na hakuwaeleza habari ya Shanghai, akiniambia habari hiyo ina siku yake. Sikukuu ya mwisho, tarehe 29 Septemba mwaka huu, alirusha dadu bakulini zikatoka nne moja tu, zawadi ndogo kabisa, keki ya ukubwa wa kidole. Aliila yote, kisha akanivuta kando.

“Dada, wataanza kusema. Wewe ndiye utakayesoma, sivyo?”

“Ni nani mwingine?”

“Basi waambie hivi. Lile jina mimi niliuza kwa kusahau, mke wangu akauza kwa kukusudia, na mara zote mbili aliyepata faida ni mimi.”

Nimewaambia.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa jikoni. Ameacha mjane, Bi Hong Meizhen, binti, Zhuang Ruoning, mama mkwe, Bi Cai Baozhu, dada, yaani mimi, wapwa wawili, na majina mengi yenye nne ambayo Ruoning ameshaanza kuyalipia ada.

Tangazo moja la familia. Wengi mmetuma rambirambi kwa anwani ile ya zamani. Anwani ile si yetu tena, na watu wa Hangzhou hawamjui Bingkun. Msitume barua. Njooni wenyewe. Meizhen yupo nyumbani na birika liko motoni, na Jinshu, wewe utatangulia, maana una neno la kumwambia.

Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, lakini najua marehemu angeninyang’anya karatasi na kuanza kukata. Nimemkatia mwenyewe, yamebaki mawili.

Pumzika. Tupo.