Mashine ya Kunyolea Yenye Jino Pungufu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliye mlangoni zima hiyo simu, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kurudia. Mnaniona natetemeka mkadhani ni homa. Si homa. Nimepata mshtuko, na mpaka sasa moyo haujarudi mahali pake, nami nataka mnisikilize kabla pumzi haijaniishia.

Kazi iliyowalea mnaijua. Watu walipozitupa zile mashine za kunyolea za zamani, zile nzito za kufungua kichwa na kuweka wembe katikati, wakakimbilia vijiti vya plastiki vya kutumia na kutupa, mimi nikaanza kuzitengeneza upya. Za zamani zilikuwa za madini laini yaliyopakwa mng'aro. Zikianguka zinapasuka, na mng'aro ukibanduka zinaliwa na maji. Zangu nikazichonga kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, kile wanachotengenezea vifaa vya upasuaji, chuma kigumu kilichonimalizia visu vya mashine ya kukereza mpaka nikatamani kuacha. Siri yote iko kwenye uwazi mdogo kati ya makali na yale meno yanayolinda ngozi: ukizidi unachinja mtu, ukipungua unampapasa tu. Rafiki yangu kinyozi alinitolea kidevu chake kwa majaribio, akatembea na plasta usoni msimu mzima, wateja wakimwuliza amegombana na nani nyumbani.

Lakini sikuwahi kuwaambia niliiga ya nani. Niliiga ya babu yenu. Yake ilikuwa na meno kama ya kitana, na jino moja lilikuwa fupi, maana ilimwanguka, jino likapinda, akalisugua kwa tupa mpaka likawa pungufu. Kwa mashine hiyo alitunyoa ndevu zetu za kwanza, mimi na mdogo wangu, tumekaa benchi moja tunacheka kwa woga. Alipofariki, tukitoka makaburini, tukaitafuta hatukuiona. Mdogo wangu akasema mbele ya watu kwamba mkubwa ameshajibebea, nami mbele ya watu hao hao nikamwambia atoe alichoficha. Akachukua begi lake akaondoka, na huo ukawa mwisho. Ndiyo maana mkiniuliza habari za baba yenu mdogo nilikuwa nageuza maneno.

Basi wiki iliyopita kinyozi akaja karakana na mashine aliyoinunua kwa msafiri, akaniuliza mbona nimeanza kuuza mikoa ya mbali bila kumwambia. Nikaishika. Chuma kile kile, uzito ule ule, na jino pungufu liko pale pale lilipo kwenye zangu. Nikawaka. Nikajua nimeibiwa kazi, nikakifungua kichwa nione mwizi kaharibu wapi, na hakuharibu popote. Nikaugeuza mpini, na hapo, wanangu, nikaona. Ile mistari ya kushikia ililala upande wa kushoto. Fundi hailazi hivyo ila awe mwenyewe anatumia mkono wa kushoto, na babu yenu alizaa mtoto mmoja tu wa kushoto. Kinyozi alinipa maji nikayamwaga yote kifuani.

Nikamtuma dada yenu mkubwa, nikimwapisha asiwaambie, akauliza mji hadi mji kuifuata mashine ilikotoka. Yule mzee aliyekaa karibu na kabati, mliyempa shikamoo jana mkidhani ni mteja kaja kunijulia hali, ndiye baba yenu mdogo. Kaeni. Kaeni chini kwanza, mtamkumbatia baadaye, sijamaliza.

Jana tulipobaki wawili, hata salamu sikumaliza. Nikamwuliza, "Ile ya baba unayo?"

Akanikodolea macho. "Kaka, si unayo wewe? Ningekuwa nayo, ningehangaika kuitengeneza?"

Nami nilikuwa nahangaika kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa nayo, wanangu. Labda alipita nayo mmoja wa waliokuja kutupa pole, labda ilizolewa na takataka tulipofagia chumba. Hatujui, na hatutajua. Tulikaa tunatazamana kama watu walioamshwa na kishindo. Yeye amemzika mkewe mimi sipo. Mimi nimemzika mama yenu yeye hayupo. Naligeuza jambo hili kichwani na bado haliingii.

Sasa shikeni ninayosema. Mashine ya kukereza ni ya kaka yenu, maana anaisikia ikiumwa hata akiwa nje. Vipimo, mifano na wateja ni vya dada yenu. Msijenge ukuta katikati ya karakana. Nyumba isiuzwe mpaka mdogo wenu wa mwisho apate pa kukaa. Alama ya jino pungufu si yangu kuwagawia. Watoto wa baba yenu mdogo wanayo kama ninyi, na atakayewashitaki kwa hiyo, radhi zangu zisimfuate. Na mkitoka kunizika, kitu kikikosekana humu ndani, kiwe kijiko, kiwe hati ya nyumba, mtu asimtazame mwenzake kwa jicho lile. Ulizaneni. Kunyweni chai, mlale, muulizane tena.

Nipeni maji... kidogo, inatosha. Kifua kinabana.

Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awajalie kuzeeka pamoja, kugombana mezani na bado kulala nyumba moja. Mliyonikosea sina hata moja ninaloondoka nalo... Dada mtu, shika hapa, mkono umekufa ganzi.

Mdogo wangu, sogea. Ndevu hizi zinaniwasha, na sitaki wanioshe nazo. Chukua mashine yoyote, yangu au yako, mimi sitajua tofauti. Leteni maji ya moto na taulo, niinulieni mto... hapo, hapo. Anza na shavu, ukifika kooni nenda taratibu. Nanyi nyamazeni, nami ninyamaze, maana mtu akinyolewa koo... hasemi.