Mwalimu Tak Yeon-ok na Ngazi ya Supu ya Mwani

Tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha hisabati katika Shule ya Kati ya Haesol hapa Gunsan, Mwalimu Tak Yeon-ok anastaafu. Mwenyewe anasema anaondoka na magoti mabovu na akili timamu. Sisi wa chumba cha walimu tunathibitisha hilo la magoti.

Siku yake ya kwanza kazini aliingia darasa lisilo lake na kufundisha kipindi kizima. Wanafunzi, kwa adabu zao, wakanyamaza kimya. Mwalimu wa historia alisubiri nje mpaka kengele ikalia.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa chumba cha kompyuta cha ghorofa ya tatu. Kila shule ina masupoja wake, yaani wale walioiaga hisabati wakiwa bado wamekaa darasani. Wengi wetu tuliwaacha walale, ili mradi wasikorome. Yeye hakukubali. Miaka kumi na miwili iliyopita alitumia likizo nzima kujifunza kutengeneza programu, akatunga ya kwake. Kompyuta humpa mwanafunzi swali. Akikosea haimfokei, bali humrudisha hatua moja, tena moja, hadi pale alipoanza kupotea. Kuna wa kidato cha pili waliojikuta kwenye sehemu za darasa la nne. Ili wasione haya, ngazi zilipewa majina ya vyakula badala ya madarasa.

Hapo ndipo alipochemka. Ngazi ya mwisho kabla ya mtihani aliiita Supu ya Mwani. Wanafunzi wote kumi na mmoja wa chumba kile waligoma, maana kwetu husemwa mwani huteleza, na anayeula kabla ya mtihani hufeli.

"Mwalimu, kwani unataka tuteleze?" aliuliza Bang So-dam. "Hata bibi yangu hathubutu kupika mwani wiki ya mtihani!"

Mwalimu Tak alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake ngazi ikaitwa Peremende ya Kunata, ile wanayopewa watahiniwa ili ufaulu uwanate, na wote wakapanda.

So-dam alitaka kusomea ufundi wa meli, na bila kufaulu hisabati asingepokelewa. Mwalimu wake wa darasa alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, "Wewe hesabu achana nazo, hazikutaki." Mwalimu huyo ni mimi, Ki Byeong-hun, ninayeandika haya. Nilisema pia kwamba mtu akimshinda mwalimu, mashine itamfanya nini?

Mwalimu Tak hakubishana nami. Kwa miezi minne alimkalisha So-dam mbele ya kompyuta, yeye kando akifuma soksi, na mtihani ulipoisha akaniletea karatasi niisahihishe mimi. Niliipitia mara tatu nikitafuta makosa zaidi. Alama sabini na nne: amefaulu. So-dam alisimama mlangoni, akauliza, "Mwalimu, una hakika umejumlisha vizuri?"

Nilimwomba radhi palepale. Sasa ni fundi wa injini bandarini.

Wewe, Mwalimu Tak, sikuwahi kukuomba. Nilikuona kila asubuhi, nikakumiminia chai, nikaongea habari za mvua. Niliona aibu. Leo nakuomba radhi mbele ya wote.

Tunakushukuru, na tunakuombea afya na siku za raha nyumbani kwako. Kuanzia Machi chumba kile nakishika mimi. Wamejiandikisha tisa. Sitamwambia hata mmoja wao aache.