Ngazi Isiyo na Mkwaruzo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Meneja, ndugu wageni waalikwa, nanyi wafanyakazi wenzangu:

Kabla ya shukrani, naomba radhi. Tangu aanguke kijana wetu mrefu tuliyempa jina la Twiga, miezi minane sasa, sijafungua mdomo, nami ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu yake. Leo mnaniaga baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala hili, na mmenisifu kwa upole. Upole gani? Ule ulikuwa woga.

Wageni wetu hawajui tunavyoifikia rafu ya juu. Tunaweka paleti ya mbao kwenye meno ya foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, mtu anasimama juu yake bila mkanda, dereva anamnyanyua mita sita. Ngazi yenye vishikio tunayo. Imefungiwa stoo ya ofisi isichafuke, na hutolewa siku ya wakaguzi tu. Utaratibu huo niliukuta, nikaulea.

Siku ile dereva alimtania, "Twiga, nawe unahitaji kunyanyuliwa? Si unyooshe shingo tu!"

"Nyanyua, kaka, acha maneno!"

Tulicheka sote. Huko juu akakanyaga ubao uliooza, ukakatika. Aliangukia mgongo kwenye sakafu ya saruji, na hadi leo miguu yake haimtii.

Kisha ikaandikwa ripoti: "Mfanyakazi alipanda bila ruhusa." Bila ruhusa ya nani? Aliyemwambia apande ni mimi, kwa sauti hii hii mnayoisikia! Kwa sentensi hiyo moja kampuni imekataa kumtibu. Mkewe, aliyeketi pale safu ya mbele, alinifuata nyumbani akaniuliza, "Baba, mume wangu alijipandisha mwenyewe?" Nikatazama viatu vyangu.

Bwana Meneja, sifa yako nakupa: ngazi yako haina hata mkwaruzo mmoja.

Leo asubuhi nimemkabidhi Mheshimiwa Mwenyekiti maelezo yenye sahihi yangu, kwamba amri ilitoka kwangu. Kama kuna adhabu, nyumbani kwangu mnapajua. Bodi itakaa Jumatatu kuamua kama ripoti ile ifutwe na Twiga atibiwe.

Nawe mke wa Twiga, binti yangu, uamuzi ukitoka, uwe mwema au mbaya, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nawashukuruni kwa zawadi, na zaidi kwa kuwa mmenisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.