Jofrey Kalinga na Mzani wa Igawa

Ndugu yetu Jofrey Kalinga alizaliwa Kihesa, Iringa, tarehe 9 Agosti 1979, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yotamu Kalinga na Mama Veneranda. Alisoma hapa hapa Kihesa, kisha akasomea kompyuta Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 2004. Tangu utotoni alikuwa na maswali yasiyoisha. Ukimwambia "lete kile chombo" umejitakia mwenyewe: kipi, cha kutilia nini?

Mwaka 2006 alianza kufundisha chuoni Mbeya, akajenga nyumba mtaa wa Soweto hukohuko. Huko alitunga programu ya kugeuza maagizo ya binadamu kuwa maagizo ya mashine. Katikati ya hayo mawili aliweka lugha ya kati, ambamo kila namba hutajwa aina yake, nzima au ya desimali, ndogo au kubwa, ili ipewe nafasi ya kuitosha.

Alifunga ndoa na Esta, fundi cherehani, tarehe 14 Juni 2008, wakajaliwa Pendo na Joyness.

Mwaka 2019 aliteleza. Mzani wa mashine ya mpunga ya Bwana Bipin, Igawa, uliendeshwa kwa programu yake, na jumla ya gramu aliipa aina ndogo. Msimu ulipokolea, jumla ikazidi nafasi yake, ikageuka kuwa namba hasi. Bipin akapiga simu: "Mwalimu, mzani wako unasema ghala lina mchele chini ya sifuri, na mimi hapa nimekalia magunia!" Jofrey hakujitetea. Alipanda basi hadi Igawa, akasema mbele ya wapakiaji, "Kosa ni langu." Akaapa kuiandika upya lugha ile, namba yoyote isipite bila kukaguliwa aina.

Kisukari kilimwanza 2021, na 2024 kikamnyima macho kazi ikiwa haijaisha. Ilituuma sana kumwona akipapasa kibodi. Esta, ambaye hakuwahi kusomea kompyuta, akawa anamwandikia na kumsomea mstari kwa mstari. Siku moja akamkatiza: "Baba Pendo, namba hii hujaitaja aina." Kweli, alikuwa ameisahau. Alicheka mpaka akakohoa.

Tarehe 2 Mei 2025 Esta alimsomea mstari wa mwisho. "Funga, mama Pendo," akasema. "Mpelekee Bipin." Alifariki Mbeya tarehe 6 Mei.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama yetu, na sisi dada zake, Blandina na Frida. Mchele tutakaokula leo ameuleta Bipin. Ulipimwa jana Igawa kwa kazi mpya ya Jofrey, na jumla ikasoma sawa.

Pumzika kwa amani, kaka.