Ugonjwa Uliojua Saa za Kazi

Ndugu zangu wa jumuiya, nashukuru mmeniachia kiti. Nitasema nimekaa, maana miguu leo imejaa tena. Shule yangu mnaijua, niliishia kuandika jina. Ila majina ya watu sisahau. Wote nitakaowasema ninawakumbuka, mpaka yule aliyeanza kunicheka, lakini sitamtaja mtu. Wengine mmekaa nao benchi moja.

Ni ile miaka tulipohamishwa tukapangwa hapa kwenye kijiji cha ujamaa. Mnakumbuka rimu ya gari iliyoning'inizwa pale ofisini. Ikigongwa alfajiri, kila mwenye mikono anachukua jembe, anakwenda shamba la kijiji. Mimi ikigongwa, ni kama inagongwa kichwani. Naamka uso umevimba, macho yana ukungu. Nikijaribu kusimama, natapika. Nalala tena. Halafu jua likipanda, napata nafuu. Saa sita watu wanarudi, wananikuta uani napepeta ulezi.

Sasa nawauliza, ninyi mngesema nini?

Basi walisema. Wanawake wakipita kwangu na ndoo walipunguza sauti kidogo tu, ili nisikie. Mmoja akaniambia usoni, anacheka, "Bibi, ugonjwa wako unajua saa za kazi." Neno hilo likazunguka kijiji kizima. Mkwe wangu, mke wa mwanangu niliyeishi naye, akawa ananiwekea chakula bila kunitazama. Mahindi ya kijiji yalipogawiwa, nikaambiwa wanyonyaji hawana fungu.

Nikaenda mjini kupima, niwaoneshe. Lakini kutoka hapa Pito mpaka Sumbawanga ni kwa miguu, na asubuhi siwezi kutembea, kwa hiyo kila mara nilifika mchana. Mganga wa hospitali anafunga mpira mkononi, anasikiliza, anasema presha si mbaya, punguza chumvi. Chumvi nikaacha kabisa. Maharage nikaendelea kuyatia magadi, na mboga pia. Nani aliniambia magadi nayo ni aina ya chumvi? Ndugu zangu, nawaambia, kila niliporudi na jibu lile nilizidi kujishuku. Nikajiuliza kama kweli ni uvivu, umeingia mwilini bila kupiga hodi.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi akaja mwenyewe alfajiri, amekasirika, kunitoa kitandani. Nikatoka nimeshika ukuta. Nilimsikia, sikumwona, macho yalikuwa giza tupu. Akasogea mpaka pumzi yake ikanifikia usoni. Kisha akasema polepole, "Mama, kumbe." Akanipandisha kwenye karia ya baiskeli yake, mkwe wangu akanishika mgongo, wakaisukuma mpaka mjini kwenye baridi ile ya Juni. Siku hiyo shambani hawakuonekana, wakasemwa wao.

Hapo ndipo nilipopimwa asubuhi kwa mara ya kwanza. Muuguzi akapima, akahamia mkono wa pili, akamwita daktari. Nikalazwa. Wakawa wananipima alfajiri, mchana, jioni, hata nikiwa nimelala. Mkojo wakauchemsha, ukaganda kama ute wa yai. Daktari, mtu wa Mbeya, akakaa kitandani kwangu.

"Mama, figo zako zimeumia. Wenzako presha inashuka wakilala. Yako inapanda, na alfajiri ndiyo inakuwa juu kabisa. Sisi tulikuwa tunaipima ikiwa imeshuka."

Nikalia pale pale. Akadhani naogopa kufa, akaanza kunituliza. Kumbe mwenzake nilikuwa nimesikia kwamba mimi si mwongo.

Nikapewa vidonge, kimoja cha kunywa jioni, na magadi nikakatazwa. Sikupona, nisiwadanganye. Figo zilizoharibika zimeharibika, na zipo asubuhi bado zinanishinda. Lakini macho yalirudi. Namshukuru Mungu, na daktari, na muuguzi aliyerudia kupima. Namshukuru mkwe wangu, anayepika vyungu viwili vya maharage, chao na changu. Namshukuru balozi, aliyekuja na hasira akaondoka amenibeba.

Ninalowaomba ni hili. Yuko mama hapa kijijini ambaye siku hizi asubuhi haonekani, na mchana anaonekana akitwanga. Nimesikia mnavyomsema, tena wengine mmemsema njiani mkija hapa. Kesho alfajiri, kabla hamjashika majembe, mmoja wenu aende kwake. Asisimame mlangoni. Aingie ndani, amtazame usoni.