Misheni Kutoka Karatu

Kijiwe cha Marsela kiko pembeni ya gereji, karibu na lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za Landikruza, na ukikaa katikati linabonyea mpaka mnagusana mabega na mtu ambaye jana mligombana. Kahawa ni ya Oldeani, chungu kweli, kashata pembeni, na mada ni yoyote ambayo hakuna aliyetumwa kuizungumzia. Alasiri hiyo Wilibrodi alifika pale akiwa na shida ya kweli, na hapo ndipo alipokosea. Mwenye shida ya kweli huenda kwa mchungaji, au kwa mama mkwe, lakini kijiweni haendi.

Pale kijiweni Wilibrodi huitwa Krismasi. Wazazi wake walifariki kabla hajaanza shule, akalelewa na bibi yake kule Qurus, na kanisa likamtafutia mfadhili Marekani, mama mmoja aliyeitwa Karolina. Kila mwaka boksi la Krismasi la mama huyo lilifika mwezi wa tatu, soksi na penseli na pipi zilizoyeyuka zikashikana, na jina likamganda Wilibrodi mpaka leo, mtu mzima, dereva wa watalii mwenye mke na kitambi cha kuanzia.

— Mama Karolina amefariki, alisema hata kabla hajakaa.

Waliokuwa kwenye benchi walikuwa wawili tu, ingawa kwa kelele ungedhani ni ishirini. Eliapenda, muuza spea aliyehamia kutoka Machame, anaitwa Askofu kwa sababu hajawahi kupewa mimbari na bado anahubiri. Patrisi, mkulima wa mbaazi, anaitwa Bajeti, kwa kuwa hakuna jambo asiloweza kuliundia kamati. Wote wawili walivua kofia.

— Pole sana, mdogo wangu, alisema Bajeti. Si yule aliyekuja na kundi la kanisa, akacheza mpaka kiatu kikakatika?

— Huyohuyo. Ibada ya mazishi ni leo. Saa kumi na moja yetu watanipigia niseme maneno mawili. Kanisa zima litanisikia, na mimi sijui niseme nini.

— Sema asante, alisema Askofu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Asante nimesema miaka yote, Askofu. Kila barua. Asante kwa soksi, asante kwa penseli. Leo mama wa watu yuko kwenye jeneza, mwanawe amekaa pale mbele, nisimame tena nishukuru soksi?

Alimpenda mama yule kwa namna ambayo hakuwahi kuipatia jina, maana mama alikuwa naye, amezikwa Qurus, na mfadhili ni neno la ofisini. Marsela alimsukumia kikombe bila kuuliza.

— Kumbe ana mtoto? Bajeti aliuliza.

— Mmoja. Danieli. Ana miaka kumi na moja. Baba yake alitangulia zamani.

Askofu aliweka kikombe chini taratibu.

— Kwa hiyo ni yatima.

— Ni yatima.

— Yatima wa Marekani, alisema Askofu, akilionja neno lenyewe.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kupita pale. Kijiweni ilijulikana kwamba yatima wanatoka huku na wafadhili wanatoka kule, na mambo yalikuwa yamekaa hivyo tangu wote walipokuwa wadogo. Bajeti ndiye aliyepona mshtuko wa kwanza, na akapona vibaya.

— Basi hapa hakuna maneno mawili, alisema. Hapa kuna misheni.

— Misheni gani?

— Wao wakisikia kuna yatima Karatu wanafanyaje? Wanakusanyana, wanachapisha fulana za rangi moja, wanapanda ndege. Sisi tumekatwa miguu? Watu wanane, wiki mbili. Mwenyekiti wa kamati ya safari ni mimi.

— Kakuchagua nani? aliuliza Marsela.

— Kamati.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Askofu kwa uzito.

— Hiyo inahusu nini sasa?

— Inahusu ndege, bwana. Inakimbia sakafuni, ikifika ukingoni inaruka. Wazee waliona mbali.

Wilibrodi alicheka bila kutaka, akajichukia kidogo, akacheka tena. Ndiyo kazi ya benchi lile.

— Tukishafika tunafanya nini? aliuliza.

— Tunapaka rangi, alijibu Bajeti.

— Tunapaka nini?

— Ukuta. Ukuta wowote. Kaka, hujaliona darasa letu la Sande skuli? Kila Julai wageni wanalipaka bluu. Rangi imenenepa mpaka dirisha halifungi tena, na hatujawahi kuwaambia yatosha, kwa sababu ule ni upendo. Sasa na sisi tutaipenda shule ya Danieli mpaka madirisha yao yagome.

— Na zawadi, aliongeza Askofu. Tubebe maharage ya ngwara na mbaazi, gunia zima.

— Askofu, wale watu wanakula wanasaza, alisema Wilibrodi.

— Ndiyo maana yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo aliyeshiba ndiye wa kupelekewa, maana hajui.

— Hata sisi tulikuwa na penseli, alisema Bajeti, na bado wakatuletea. Halafu watoto wa shule wapange mstari watuimbie.

— Watuimbie kwa nini? aliuliza Marsela.

— Wageni wanaimbiwa. Krismasi, wewe hukuimba?

— Niliimba, alisema Wilibrodi. Juani, asubuhi nzima. Gari la wageni lilipata pancha huko Makuyuni na mwalimu akatukataza kukaa, wasije wakafika tumekaa.

Aliiona tena siku ile kama ya juzi. Wageni waliposhuka, mama mmoja mnene alipita picha zote na hotuba zote, akapiga magoti kwenye vumbi jekundu, akamfunga kamba ya kiatu. Kisha akasimama akasema kwa sauti kubwa kwamba watoto waingie kivulini kwanza. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti wa pili, na hakuna aliyeumalizia.

— Mama Karolina ndiye aliyesema tuingie kivulini, alisema.

— Liseme hilo, alisema Marsela.

Lakini Bajeti alikuwa ameshapaa, na Bajeti akipaa hashushwi kwa neno la busara.

— Nina njia fupi zaidi. Mtoto aje huku. Tumfadhili sisi. Kila kaya debe la mahindi kwa mwezi, na bibi yako Qurus bado ana nguvu, si atamlea? Mtoto wa kizungu akizoea makande hatarudi. Kila Desemba tunawaandikia ndugu zake kule Marekani: Danieli anaendelea vizuri, anapenda hesabu na mpira, mbuzi wake amezaa, rangi anayoipenda ni bluu.

— Utajuaje kama anapenda bluu?

— Kukuhusu wewe waliandika nini?

— Bluu.

— Ulikuwa unaipenda?

— Nani aliniuliza?

Benchi likacheka mpaka ringi moja ikalia. Askofu alifuta machozi kwa kofia.

— Na picha ya Danieli tutaibandika wapi? Ile yako si aliibandika kwenye friji?

— Mlangoni kwenye friji, ndiyo. Ile ya sweta kubwa, ya darasa la kwanza. Aliniambia mwenyewe alipokuja.

— Miaka yote hiyo kwenye friji, ndiyo maana huozi, alisema Askofu. Ya Danieli tutaibandika kwenye friji ya soda pale dukani kwa Mangi. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hakuna aliyejisumbua kumsahihisha, kwa sababu wakati huo mwanamke mmoja wa Kimasai alikuwa amesimama mbele yao akiangalia nafasi ya kukaa. Alikuwa na bahasha kubwa ya eksirei mkononi na shuka zuri la kusafiria.

— Yeyo, takwenya, Marsela alimsalimu.

— Iko, aliitikia. Sogeeni, wanaume. Nangoja gari la Piyaya tangu saa nne, mguu unaniuma, na nyinyi mmelijaza benchi kwa magoti tu.

Walisogea. Akaeleza kwamba anaitwa Veronika, kwamba daktari wa Arusha ameupiga mguu picha na kuusifu, na kwamba kahawa isiyo na maziwa ni adhabu. Akainywa hata hivyo.

— Nimewasikia tangu pale gereji, alisema. Msiba ni wa nani?

— Wa mama aliyenisomesha, alijibu Wilibrodi. Wa Marekani.

— Pole, kijana wangu. Kaacha mtoto?

— Mmoja, wa kiume. Baba hayupo.

— Amebaki kwa nani?

Wilibrodi alimtazama Bajeti. Bajeti akamtazama Askofu, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na methali.

— Kule kuna serikali, Bajeti alijaribu.

— Nimeuliza amebaki kwa nani.

— Kuna bima pia.

— Bima inapika? aliuliza Veronika, naye hakuwa anatania.

Katika msiba wowote wa Karatu, wa Mbulu, wa Sale, wa popote, swali hilo hutangulia hata maturubai. Mtoto kabaki kwa nani, amelala wapi, nani kampa uji. Akina mama huliuliza wakiwa bado mlangoni. Na wanaume wale walikuwa wameshachapisha fulana, wameshapaka ukuta, wamemvusha mtoto bahari, bila yeyote kuliuliza. Wilibrodi aliona aibu, aibu ya kuwaka masikioni. Marsela aliinamisha birika juu ya kikombe chake, yakatoka matone na machicha.

— Imeisha, alisema.

Simu ikaita hapohapo.

Askofu alitaka isikike kwa spika, na Wilibrodi hakuwa na nguvu ya kubisha. Mchungaji wa kule alisalimia kwa upole, akasema wote wameketi, akasema wako tayari kumsikia mtoto wa Karolina kutoka Tanzania. Wilibrodi alisimama. Kiingereza chake ni cha watalii, cha simba yuko kushoto na chakula saa saba, lakini kinatosha.

— Mchungaji, kabla sijasema lolote. Danieli amebaki kwa nani?

Mtu akakohoa huko mbali.

— Mtandao? alinong'ona Bajeti.

— Si mtandao, alisema Marsela.

— Kwa sasa yuko nyumbani kwangu, mchungaji alisema mwishowe. Kwa baadaye, bado tunaomba.

— Naomba umpe simu.

Kulisikika hatua, kisha pumzi ya mtoto, karibu sana.

— Wewe ndiye wa kwenye friji?

Askofu alifungua mdomo na Marsela akamkanyaga mguu.

— Ndiye mimi, alisema Wilibrodi.

— Sauti yako ni kubwa. Wa kwenye friji ni mtoto. Ana sweta.

— Nilikuwa mtoto, Danieli. Nimekua. Mama yako ndiye aliyenikuza.

Simu ilisikika ikihamishwa sikio.

— Mama alisema wewe ni kaka yangu.

— Ndiyo. Mimi ni kaka yako. Nitakupigia leo usiku wa kwenu, na kesho, na kesho kutwa, mpaka unichoke. Siku nikipata tiketi nitakuja. Sitapaka rangi kitu chochote. Sasa niambie, umekula?

— Bado.

— Tangu lini?

— Jana. Watu walileta vyakula vingi, lakini wote walikuwa wanaongea.

Veronika hakujua Kiingereza, ila sauti ya mtoto aliielewa, akapiga ulimi kwa masikitiko. Wilibrodi alijinyoosha pale kando ya lami, malori ya unga yakipita, na alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi kilikuwa kimeshafika mdomoni.

— Mchungaji, alisema, kwa sauti ya mwenye msiba anayejua haki yake. Nitamzungumzia mama yetu, na nina mengi. Lakini yeye hakutuacha juani. Mtoto hajala. Mpeni chakula kwanza, mimi nipo, nangoja.

Kijiwe kizima kilishika vikombe vitupu na kusikiliza. Huko ng'ambo, polepole, viti vikaanza kusogezwa.