Mama Dative Mukamugema na Wanaosoma bila Kujibu

Tunaanza kwa kuwaomba radhi wasomaji. Jarida hili la Kituo cha Afya ya Akili Tulizo halijatoka tangu Januari, vita vilipoingia mjini Goma, wafanyakazi wakatawanyika na mashine yetu ya kuchapia ikaharibika. Kimya kimekuwa kirefu kupita kiasi, na hatutafuti visingizio. Tunakivunja leo kwa sababu tarehe 31 Desemba 2025 Mama Dative Mukamugema anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, ishirini na sita kati yake hapa kwetu. Isingefaa aondoke bila kuandikiwa neno.

Alizaliwa Kalengera, katika familia ya wakulima. Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, alipelekwa kwenye kambi za wakimbizi nje ya Goma kuwatundikia serumu, yaani dripu, wagonjwa wa kipindupindu. Huko alimwona mzee mmoja ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kupona, lakini hakuinuka mkekani. Kwenye karatasi ya mgonjwa, ile tuiitayo fishi, daktari aliandika: "Amepona." Mama Dative akaongeza chini yake: "Haamki." Alikaripiwa kwa kuandika mahali pasipo pake. Hakufuta. Baadaye alikwenda Bukavu kusomea uuguzi wa akili, na aliporudi mwaka 1999 Kituo chetu, kilichokuwa na vyumba viwili tu, kilimpa kimoja.

Mwaka 2002 volkano ilipolipuka na mji ukakimbia, alitoka na sanduku la fishi kichwani. Mumewe, Papa Havugimana, hulalamika mpaka leo kwamba miezi miwili walipikia sufuria za jirani, kwa sababu mke wake aliokoa karatasi akaacha vyombo.

Hata hivyo, karatasi hazikuweza kuwafuata wagonjwa. Vita vya kila mara viliwapeleka Beni, Bujumbura, na kambi ya Nakivale nchini Uganda, huku fishi zao zikibaki kabatini. Ndiyo maana mwaka 2019, kwa kutumia simu ya Kituo, Mama Dative alifungua kikundi cha WhatsApp kwa ajili ya watu wenye sonona, ugonjwa ambao hapa mjini huitwa "mawazo mingi". Alikiita Tumeamka. Hakikuwa mahali pa kutoa dawa wala mahubiri. Wenye maradhi wangesemezana wenyewe, naye angelinda mlango na kumtafuta yeyote aliyeonekana kuwa hatarini.

Sharti lake la kwanza liliwashangaza wengi: alikataza salamu. Alikuwa amegundua kwamba katika mji huu, mtu akiulizwa habari, hujibu "muzuri" hata kama hajala siku mbili. Basi badala ya salamu, kila asubuhi mwanachama huandika jambo moja alilolifanya tangu kuamka. Kama ni kuoga, aandike kuoga. Kama bado yumo kitandani, aandike hivyo, na mwenye hali kama yake atajibu: "Na mimi." Mahubiri hayaruhusiwi.

Maneno yao nayaacha kama walivyoyaandika. Bénita, mwuza maharagwe wa mtaa wa Lac Vert, aliandika siku moja: "Leo nimevaa viatu. Kutoka inje, bado." Nsimire akamjibu kutoka Nakivale: "Viatu gani, vya harusi? Anza na sandali, mama, usituogopeshe!" Bénita hakunyamaza: "Sandali yangu uliendaka nayo Uganda, mwizi weye!" Kikundi kizima kilicheka, na saa nne Bénita aliandika tena kwamba amefika sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu.

Wasifu wa kweli hutaja pia kosa. Novemba 2022 mapigano yalikuwa yamekaribia mji, na wanachama waliingiwa na hofu juu ya namba zilizokuwamo kikundini bila kuandika chochote. Walimwuliza Mama Dative: "Hawa wanaosoma bila kusema, ni akina nani? Watatuuza?" Kamati ya Kituo ilishauri namba hizo ziondolewe, na mwandishi wa mistari hii aliunga mkono ushauri huo. Jumamosi moja Mama Dative aliwafuta watu kumi na mmoja.

Siku ya tisa mwanamume mmoja alisimama mlangoni pa Kituo, simu mkononi. Aliitwa Hitimana, mkimbizi kutoka Rutshuru, naye alikuwa akipasua mawe ya volkano huko Munigi. Alikuwa ametembea pekupeku juu ya mawe yale yale.

"Mama, mulinifukuza juu ya nini?" aliuliza. "Mimi siandikake, niko nasomaka tu. Bénita akisema amevaa viatu, na mimi navaa. Sasa iko siku tisa, sijui kama amevaa."

Mama Dative alimjibu mbele yetu sote: "Papa, ni mimi nilikosea. Ingia, ukae." Kisha alimwosha miguu, akamfunga bendeji, akachukua simu na kuanza kuwatafuta waliofutwa, mmoja mmoja. Kumi walirudi. Namba ya mtu wa kumi na moja haikupatikana siku hiyo, wala mpaka leo. Mama Dative hajapata kusema kwamba halikuwa kosa lake, nasi hatukuthubutu kumwambia hivyo. Tangu hapo hakumfuta tena mtu yeyote kwa sababu ya kunyamaza.

Januari mwaka huu mtandao ulikatika. Uliporudi, Mama Dative alikuwa akiwasaidia wauguzi wa majeruhi, na hakuweza kushika simu. Asubuhi ile ujumbe wa kwanza kikundini uliandikwa na Hitimana, ambaye kwa miaka yote hakuwa ameandika hata herufi moja: "Nimeamuka. Niko chini ya kitanda." Watu sitini na wawili walijibu: "Na mimi." Nsimire, aliyekuwa salama ugenini, akauliza: "Chini ya kitanda kuna nafasi? Nikuje?" Kwa siku kumi na nane Hitimana ndiye aliyefungua kila asubuhi, mpaka Mama Dative aliporudi.

Leo Tumeamka ina wanachama mia mbili na kumi na wanne. Tisini na sita hawajaandika kamwe. Kamati sasa inapendekeza wabaki tu wale wenye fishi hapa Kituoni na wanaojibu angalau mara moja kwa mwezi, kwa hoja kwamba Kituo hakiwezi kubeba dhamana ya watu kisiowaona. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mtu akiangamia katika kikundi chetu, ni sisi tutakaoulizwa.

Mama Dative hakuomba zawadi ya kuagwa. Ameomba kwa barua kwamba asifutwe mtu yeyote, kwamba simu ikabidhiwe Hitimana, na kwamba muuguzi wetu Ruffin asome pamoja naye kila siku na kuwatafuta walio hatarini. Baadhi ya wajumbe wamesema mgonjwa hawezi kulinda wagonjwa. Mama Dative aliwajibu kwa upole kwamba siku zile kumi na nane Hitimana alikuwa amekwisha kuwalinda, na hakuna aliyepotea.

Mama Dative, tunakushukuru kwa neno uliloliandika chini ya neno la daktari, na kwa kosa ambalo hukutuficha. Tunakuombea asubuhi nyingi zisizo na haraka, afya kwako na kwa Papa Havugimana, na sufuria zenu wenyewe jikoni.

Kamati itakutana tarehe 16 Januari. Safari hii kura yangu itakuwa upande wa barua yako. Uamuzi ukishatolewa, nitauandika katika jarida hili, lakini kwanza nitauandika kikundini, asubuhi ile ile, ili wale tisini na sita wausome hata kama hakuna atakayejibu.

Ferdinand Nzabonimpa
Mhariri wa jarida